Babu alikuwa wa manowari: uanzie Kyela, Dar, London au Ujerumani?

Kopo lilikuwa la majani ya chai, mfuniko umeshaota kutu, na shangazi alilitoa uvunguni taratibu kama anayetoa yai chini ya kuku anayeatamia. Ndani mlikuwa na kifungo kimoja cha shaba, karatasi iliyokunjwa miaka mingi mpaka ikakatika kwenye mikunjo, na nishani moja isiyo na utepe.

"Babu yako alikuwa wa manowari," akasema. "Alikwenda na vita ya Hitla, akarudi anaogelea kuliko wavuvi wa Itungi."

Nikaenda nayo mlangoni penye mwanga. Upande mmoja kichwa cha mfalme kimevaa taji. Upande wa pili simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Nikaizungusha kwa kucha nikitafuta jina au namba kwenye ukingo. Hamna kitu. Laini mwanzo hadi mwisho.

Wakati ule sikujua kwamba ulaini ule wenyewe ni jibu. Nilirudi Mbeya, nikamlipa mtu mmoja wa mtandaoni aliyedai anachomoa mafaili ya jeshi London. Wiki sita baadaye akanitumia ukurasa wa baharia mzungu, mzaliwa wa huko huko Uingereza, ambaye jina lake la ukoo linafanana na letu kwa herufi nne za mwanzo. Hela haikurudi, na shangazi mpaka leo hajui.

Tangu hapo nimegonga karibu kila mlango, mingine kwa miguu, mingine kwa simu, na ndugu wawili watatu wa Iringa na Njombe wameshaniuliza waanzie wapi. Ninachowajibu ni kwamba mlango unachaguliwa na mambo matatu: ilikuwa vita ipi, alikuwa upande wa nani, na alikufa vitani au alirudi. Ukikosa hayo matatu, London ni mbali na ni ghali kwa kubahatisha.

Manowari ya nani?

Huku nyanda za juu kusini neno "manowari" limebeba watu wa kazi tofauti sana, na wajukuu tumewachanganya wote.

Wa kwanza ni watu wa ziwani. Tarehe 13 Agosti 1914, siku tisa tu baada ya Uingereza kuingia vitani, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen, chini ya Rhoades, ilivuka Ziwa Nyasa ikaikuta Hermann von Wissmann ya Wajerumani imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Sphinxhafen, ndiyo Liuli ya leo upande wa Ruvuma. Ikaipiga mizinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, alikuwa hajapata habari kuwa kuna vita. Inasimuliwa alipiga makasia hadi kwa Rhoades, rafiki yake wa kunywa naye, kumuuliza kama amelewa. Vitabu huishia hapo, kwa wazungu wawili na kichekesho chao. Lakini meli zile zilikula kuni, na kuni zilikatwa, zikabebwa na kuchomwa na watu wa mwambao. Kama ukoo wenu ni wa Kyela, Matema au Ludewa na babu wa babu "alikuwa kwenye meli ya Mjerumani", yumkini ndiye huyu.

Wa pili ni watu wa mizinga. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilimalizwa ndani ya delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mabaharia wake wakaibuka na mizinga yao kumi, wakaiunganisha na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na tangu hapo mizinga ya baharini ikawa inakokotwa nchi kavu kwa nguvu za watu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, ukipita huko uutazame unene wake ndipo uelewe. Mtu aliyekokota kitu kile porini na kulala kambi moja na mabaharia alikuwa na haki zote za kusema "nilikuwa na watu wa manowari". Ila kwenye daftari, kama yumo, ni mpagazi.

Wa tatu ni wanamaji wenyewe, wa vita ya pili. Kenya ilianzisha kikosi cha wanamaji wa kujitolea mwaka 1933. Zanzibar na Tanganyika zikafuata vita ilipokaribia. Baadaye vikaunganishwa kuwa jeshi la maji la Afrika Mashariki, likavunjwa mwaka 1962.

Wa nne, na kwa maoni yangu hawa ndio wengi kuliko wote katika masimulizi yetu, ni askari wa keya, yaani K.A.R. (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), na wa mizinga waliosafirishwa kwa meli: Madagaska mwaka 1942, kisha Ceylon na Burma. Kwa kijana wa Makete au Mufindi ambaye hajawahi kuona maji mapana kuliko Ruaha, wiki mbili baharini ndiyo vita yenyewe. Alisimulia meli, wajukuu wakasikia nevi.

Katika hao wa nne kuna msiba wa kuutaja peke yake. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa torpedo na manowari ya chini ya maji ya Wajapani karibu na Maldivi. Walikufa watu karibu 1,300, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Kama kwenu kuna "babu mkubwa aliyezama na meli", usianze kumtafuta kwenye jeshi la maji. Anza na tarehe hiyo.

Kabla ya mlango wowote: ukingo wa nishani

Hapa ndipo ningeokoa hela yangu. Nishani za Waingereza za vita ya kwanza ziligongwa namba, jina na kikosi kwenye ukingo. Kuna ile ya fedha yenye mpanda farasi, na ile ya shaba yenye mwanamke mwenye mabawa. Ukiona K.A.R. ukingoni, huyo ni keya. Ukiona R.N., ni jeshi la maji la Uingereza. Namba na jina vikisomeka, umeshavuka nusu ya safari.

Nishani za vita ya pili walizopewa watu wetu hazikuandikwa kitu. Ile ya simba na joka walipewa wote waliotumikia jeshini angalau siku 28, awe wa maji, wa nchi kavu au mpishi wa kambi. Kwa hiyo kopo la shangazi liliniambia vita ipi, na halikuniambia jeshi lipi. Nilipaswa kusimama hapo kwanza.

Na tafadhali, usiisugue. Jirani mmoja wa Iringa aliisugua ya babu yake kwa jivu siku ya Mashujaa ili ing'ae, na kweli iling'aa. Tarakimu mbili zikaondoka na jivu. Iweke mezani, zima taa, washa tochi ya simu ubavuni na si kwa juu, kivuli kiingie kwenye herufi, halafu piga picha huku unaizungusha kidogo kidogo. Karatasi nazo usizikimbize steshenari kuzilamineti. Joto la ile mashine linamaliza wino wa zamani, na plastiki ikishashika haitoki. Ingiza kwenye bahasha ya kaki, basi.

Tume ya Makaburi na Kew: cha bure na cha kulipia

Watu wengi wakisikia "nyaraka za vita" wanafikiria London. Kuna milango miwili Uingereza, na haifanani hata kidogo.

Wa kwanza ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayojulikana kwa herufi CWGC. Orodha yake iko mtandaoni, bure, unatafuta kwa simu ukiwa Mwanjelwa unasubiri daladala. Ubaya wake ni kwamba ina wafu tu. Babu aliyerudi nyumbani akazaa baba yako usimtafute humo. Uzuri wake ni kwamba huhitaji jina kamili. Nenda kwenye utafutaji wa kina, weka tarehe ya kifo 12 Februari 1944, chagua mizinga ya Afrika Mashariki, na majina yanamiminika. Majina hayo yamechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu ulio ndani ya makaburi ya vita Nairobi, hivyo mwenye nafasi anaweza kwenda kuligusa la kwao.

Lakini orodha hiyo ina tundu, na tundu lenyewe liko upande wetu. Mwaka 2021 Tume ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ya kwanza, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na idadi inaweza kufika 350,000. Wapagazi ndio walioachwa zaidi. Dar es Salaam mtaa mzima umebaki na jina la kikosi chao, Kariakoo, lakini majina yao wenyewe hayapo ukutani. Kwa hiyo ukimkosa mpagazi wako kwenye CWGC, usihitimishe kwamba familia ilidanganya.

Mlango wa pili ni hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London. Kupekua katalogi ni bure. Kupakua ukurasa wa mtu ni pauni chache, na kadi ya Visa unayotengeneza kwenye simu inatosha. Mafungu ya kukumbuka ni machache. ADM 188 ni mabaharia wa kawaida wa jeshi la maji la Uingereza, walioingia hadi miaka ya mwanzo ya 1920. ADM 196 ni maofisa. ADM 137 ni taarifa za operesheni za vita ya kwanza. WO 372 ni kadi za nishani za jeshi la nchi kavu, vita hiyo hiyo. CO 534 ni barua za serikali kuhusu keya hadi miaka ya 1920.

Ukurasa wa ADM 188 ni mtamu kuutazama. Siku ya kuzaliwa, mahali alipozaliwa, kazi aliyoacha, urefu, rangi ya macho, kovu, kisha safu ya meli moja baada ya nyingine na mwenendo wake kila mwaka. Nilipousoma ule wa mzungu niliyeuziwa, nilijikuta namwonea wivu. Mtu wa watu, kafa zamani, na mjukuu wake anajua alikuwa na chale ya nanga mkononi.

Sasa swali la kujiuliza kabla ya kulipa: babu yako alikuwa na sababu ya kuwa kwenye daftari hilo? Waswahili walioajiriwa kwa mkataba ndani ya meli za Waingereza, wale walioitwa Seedie, wengi walitoka Zanzibar na pwani, na walichukuliwa kama vibarua wa meli hiyo, si kama mabaharia wa kudumu. Watu wa Gwendolen walikuwa wa ziwani. Wanamaji wa Tanganyika wa vita ya pili walikuwa wa kikosi cha koloni na wa kizazi cha baadaye. Wote hao, ADM 188 si nyumba yao. Kuna ujanja mmoja wa bure: katalogi inaonyesha mahali pa kuzaliwa, hivyo unaweza kuandika "Zanzibar" au "Nyasaland" badala ya jina, ukaangalia nani anatokea. Fanya hivyo kwanza. Wa kwenu asipojitokeza, funga pochi.

Na kwa keya wa vita ya kwanza mwenye namba ukingoni? Hapo Kew inapanda daraja mara moja. Kadi ya nishani, ikipatikana, haina mengi, ni mstari mmoja au miwili, lakini inathibitisha jina, namba na kikosi, na ukishajua kikosi unaweza kusoma shajara zake za vita katika WO 95: wapi kililala, wapi kilipigana, lini kilivuka mto upi. Kwa Burma, shajara ziko WO 172. Babu hatajwi. Matope yake yanatajwa.

London au Upanga?

Hili ndilo chaguo linalowatatiza zaidi watu wa Mbeya, kwa sababu gharama zake zinakaribiana kwa namna ya ajabu. Kupakua kurasa kadhaa Kew ni sawa na nauli ya basi kwenda Dar. Ila Dar kuna kula na kulala.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Upanga. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na huendi kwa siku moja. Unahitaji barua ya utambulisho, unahitaji kibali cha mtafiti, unahitaji subira ya kuletewa jalada moja moja. Unaandika kwa penseli. Ukifika umevaa kiungwana na umejua unachokitaka, wahudumu wa chumba cha kusomea watakusaidia kuliko unavyotarajia. Ukifika na sentensi moja tu, "namtafuta babu yangu", utarudishiwa swali: alikuwa wilaya gani, mwaka gani, chini ya chifu gani?

Na swali hilo ndilo tofauti yenyewe. Kew imepangwa kwa mtu na namba yake. Upanga imepangwa kwa serikali na wilaya yake. Kuna majalada ya Sekretarieti ya Tanganyika, kuna majalada yaliyoachwa na utawala wa Kijerumani, na kuna vitabu vya wilaya, Rungwe, Mbeya, Iringa, Njombe, ambamo maDC waliandika machifu, koo, mila, kodi, njaa. Utakikuta kijiji kabla ya kumkuta mtu. Kwa mwenye kutaka karatasi moja ya kuweka kwenye fremu, Upanga itamchosha. Kwa mwenye kutaka kujua kwa nini vijana wa kijiji fulani waliondoka mwaka fulani, hakuna pa kulinganisha nayo.

Ukiwa Dar tayari, ongeza nusu siku Chuo Kikuu, maktaba yake ina mkusanyo wa Afrika Mashariki. Gazeti la serikali, Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwafikia wasomaji wa Kiswahili vijijini miaka yote ya vita ya Hitla. Kwa mwenye macho mazuri, kulipekua lile ni raha hata ukitoka bila jina.

Ujerumani, kwa kifupi

Nyaraka za jeshi la maji la Kaiser zilinusurika vita na leo ziko Freiburg, kwenye tawi la kijeshi la Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Za jeshi la nchi kavu la Prussia zilikuwa Potsdam na ziliteketea kwa mabomu mwaka 1945. Kwa hiyo Königsberg unaweza kuifuatilia kwa undani, na ofisi ya koloni iko Berlin katika fungu la R 1001. Katalogi ni ya bure mtandaoni. Mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani, hata Mjerumani wa leo unamtoa jasho.

Utapata meli, utapata ofisa, utapata hesabu ya risasi. Askari wa Kihehe au mchoma kuni wa Kinyakyusa utampata kama idadi. Ningemshauri mtu aende huko mwisho kabisa, isipokuwa kama ana cheti cha Kijerumani mkononi. Vyeti hivyo vilikuwepo: mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa askari wazee malimbikizo yao, malipo yalifanyika Mwanza, na inasimuliwa kwamba wasiokuwa na cheti walipewa ufagio washike kama bunduki na kuamrishwa kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea amri.

Jambo moja linalosahaulika: mtu mmoja aliweza kuwa pande zote mbili. Jeshi la Waingereza chini ya Northey liliingia Neu Langenburg, yaani Tukuyu, mwezi Mei 1916, likafika Iringa mwisho wa Agosti. Mwaka uliofuata Waingereza waliunda keya ya sita, na humo walimo askari wengi waliotekwa kutoka kwa Mjerumani. Babu "wa Mjerumani" anaweza kuwa na nishani ya Mfalme George, na si uongo.

Uvungu wa kitanda na kabati la parokia

Nimeuweka mwisho mlango ambao wewe unapaswa kuugonga kwanza. Niliudharau, nikautumia wa nne, na ndio ulionipa kitu.

Wazee hawakupi mwaka, wanakupa tukio. Usimuulize shangazi "ilikuwa mwaka gani?" Muulize: alikwenda kabla ya nzige au baada? Nani alikuwa chifu? Baba alikuwa ameshaanza kutembea? Alipanda lori wapi? Aliporudi alileta nini? Shangazi yangu hakukumbuka kikosi, lakini alikumbuka kwamba babu alirudi na blanketi la kijivu na kwamba baba alimkimbia akilia kwa sababu hakumjua. Hesabu ya haraka: mtoto anayejua kukimbia na hajawahi kumwona babake. Miaka miwili, mitatu. Hapo ndipo nilipopata kipimo cha mwaka wa kuondoka, bure, kwa kikombe cha chai.

Andika majina yote aliyowahi kuitwa. La kuzaliwa, la ubatizo, la utani, la baba yake. Karani wa jeshi alitaka majina mawili na aliyapata, hata kama la pili alilitunga pale pale. Majina yetu ya Mwa- yanaandikwa Mua-, Mwe-, au Mwa inakatwa kabisa. V ya Kihehe na Kibena inageuka w. L na r zinabadilishana viti. Tengeneza orodha ya maumbo sita saba ya jina kabla ya kupekua katalogi yoyote.

Kisha nenda kanisani. Wamoravian wako Rungwe tangu 1891, na Wakatoliki wa Tosamaganga nao wana mizizi ya enzi hizo hizo za Mjerumani. Vitabu vya ubatizo vya Kikatoliki vimeandikwa kwa Kilatini, lakini usiogope, ni maneno yale yale kumi yanayojirudia: jina, mwana wa fulani na fulani, msimamizi, tarehe. Soma pembeni zaidi kuliko katikati. Pembeni ndipo padri anaporudi miaka baadaye kuandika ndoa, na wakati mwingine kitu kingine. Nenda siku ya katikati ya wiki, si Jumapili. Beba barua ya kigango au ya usharika. Na kama ofisi ya parokia inapokea sadaka ya kutunza vitabu, toa bila kuombwa.

Cha baba yangu nilikikuta mstari wa kumi na moja. Amebatizwa mwaka 1944. Jina la babake ni lile la kwetu, limeandikwa vizuri kuliko tunavyoliandika sisi. Pembeni, kwa penseli iliyofifia, neno moja: Mombasa.

Kwa hiyo uanzie wapi?

Kama nishani ina jina ukingoni, anza Kew, kadi za nishani, leo usiku ukitaka. Huhitaji dalali.

Kama aliondoka na hakurudi, CWGC. Akiwa mpagazi, tazama hata hivyo, lakini jiandae kutoona kitu, na nguvu yako iweke kwa wazee.

Kama hadithi ni ya ziwani mwaka 1914, Kew katika ADM 137 na Freiburg zitakupa meli zao. Mtu wako atatoka mdomoni mwa watu wa Liuli, Matema na Kyela kama bado kuna anayekumbuka. Hapo usichelewe. Hawa wanaoweza kusema "baba aliniambia" wanapungua kila masika.

Kama ni vita ya Hitla na alirudi salama, yaani kama wa kwangu, basi nyumbani, kanisani, halafu Upanga, kwa mpangilio huo. Kew kwa shajara za kikosi pale tu ukishakijua kikosi. Ndugu mmoja wa Njombe amenibishia hili, anasema London ni haraka. Ni haraka kweli. Mimi ilinichukua wiki sita tu kupata babu wa mtu mwingine.

Neno "Mombasa" halijanimalizia ubishi. Meli za Waingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini, bandari ya Mombasa, mwaka 1942 baada ya Wajapani kushambulia Ceylon, hivyo babu angeweza kuwa mwanamaji kweli. Na bandari hiyo hiyo ndiyo iliyopakia keya kwenda Burma. Ile karatasi ya kwenye kopo nimeshaifungua kwa kibanio cha nyusi: ni cheti cha kuachishwa jeshi, lakini mkunjo umepita juu ya namba na kikosi, na zimebaki tarakimu tatu za mwisho, 417. Na kuogelea si ushahidi, mtu wa Kyela anazaliwa anaogelea.

Mwezi wa saba, mpunga ukishavunwa, nakwenda Upanga na mwaka, wilaya, jina la chifu na hizo tarakimu tatu. Shangazi ameruhusu niende na picha. Kopo amelirudisha uvunguni.